DHAHABU ISINUNULIWE KWA AFYA YA MFANYA KAZI

Kuanzia Geita na Kahama hadi Chunya na Tarime, maelfu ya wananchi wenzetu hujipatia riziki kwa kuchimba, kusaga na kuosha mawe yenye dhahabu. Ni kazi ya halali, ni kazi ya jasho, na faida yake huonekana katika nyumba zilizoezekwa bati na katika ada za shule za watoto. Mwaka 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa aunsi moja, na bei ikipanda vijana huzidi kumiminika machimboni. Sisi hatuna ugomvi na kazi hiyo wala na watu wanaoifanya. Ugomvi wetu ni na desturi moja iliyozoeleka humo, ambayo inawaua watu polepole bila kelele na bila damu kumwagika. Desturi hiyo ni ya kushika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma hadharani.

Twaandika haya leo kwa sababu twaamini kwamba mfanya kazi ana haki ya kujua kitu anachokishika. Asiyeambiwa ukweli juu ya sumu iliyo mkononi mwake hakuichagua hatari hiyo, ametwishwa tu.

Zebaki ni madini yaliyo katika hali ya maji. Hung'aa kama fedha, na ni nzito mno: lita moja yake ina uzito wa kilo 13.6. Ina tabia ya kushikana na dhahabu, na hiyo ndiyo sababu ya kupendwa na wachenjuaji. Mawe husagwa kwenye karasha, mchanga huoshwa juu ya ubao uliotandikwa magunia, kisha ule mchanga mzito uliobaki hutiwa ndani ya karai pamoja na zebaki na kusuguliwa kwa mkono. Chembe za dhahabu zilizotawanyika hukamatwa na zebaki, na mwisho hupatikana donge laini la rangi ya fedha. Hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huwekwa motoni. Zebaki huchemka kwenye joto la nyuzi 357 za Selsiasi, na moto wa mkaa hulifikia joto hilo bila taabu. Zebaki hupaa angani, dhahabu hubaki. Kazi imekwisha, na anayeitazama anaona kwamba hakuna kilichoharibika.

Hapo ndipo palipo na udanganyifu. Ule mvuke uliopaa hauna rangi wala harufu. Hauwashi macho kama moshi wa kuni, wala haukerehi koo kama pilipili. Mtu aliyesimama karibu na karai la moto huuvuta bila kujua, na karibu sehemu 80 katika kila 100 za mvuke unaovutwa huingia mapafuni na kupita moja kwa moja katika damu. Toka hapo huelekea kwenye ubongo na mafigo. Wala haingoji moto: zebaki iliyoachwa wazi ndani ya kikopo hutoa mvuke wakati wote, na jua likiwa kali huzidi.

Yafaa tuseme wazi kwamba hatari kubwa kwa mchenjuaji haimo katika kuigusa tu. Zebaki ikimezwa kwa bahati mbaya katika hali yake ya maji, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Ikivutwa kama mvuke, hukaa. Mwili huhitaji kiasi cha miezi miwili ili kupunguza nusu tu ya kilichoingia, na anayechoma kila wiki humuongezea adui nguvu kabla ya yule wa kwanza kuondoka.

Dalili zake huja taratibu. Mikono huanza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha hata kushika kikombe cha chai kunakuwa taabu. Usingizi hupotea. Mtu aliyekuwa mpole huwa na hasira za ghafla, au aliyekuwa mchangamfu hujitenga na wenzake. Husahau mambo. Fizi huvimba na kutoa damu, na mafigo huharibika. Nyumbani watu husema amerogwa, au pombe imemzidi, au ana mawazo. Katika zahanati hupewa dawa ya malaria na kurudishwa machimboni, ambako ugonjwa wake unamngoja.

Dunia haikuanza jana kuyajua haya. Katika machimbo ya zebaki ya Idrija, ambayo leo yamo katika nchi ya Slovenia, kazi ya wachimbaji ilipunguzwa kuwa saa 6 kwa siku tangu mwaka 1665, kwa sababu ilionekana kwamba miili yao haistahimili zaidi. Mwaka 1700 daktari Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanya kazi, na humo akaeleza jinsi waliopaka vyombo dhahabu kwa zebaki walivyodhoofika. Yeye ndiye aliyewahimiza madaktari wamwulize kila mgonjwa afanya kazi gani. Huko Danbury, nchini Marekani, waliotengeneza kofia za manyoya kwa dawa yenye zebaki walitetemeka kiasi kwamba ugonjwa ukapewa jina la mji wao, na matumizi hayo hayakukoma katika nchi hiyo mpaka mwaka 1941. Miaka mingi ilipita kati ya kujua na kutenda, na katika miaka yote hiyo waliolipa ni wafanya kazi.

Lakini somo kubwa kuliko yote lilitoka Japani, katika mji wa Minamata. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki katika ghuba ambamo wavuvi walipata kitoweo chao. Zebaki hiyo ilikuwa ya aina mbaya zaidi, iitwayo zebaki ya methili, ambayo huingia katika samaki na kukaa katika nyama yake. Paka waliokula samaki walionekana wakirukaruka kama wenye wazimu, kisha wakafa. Mwezi Mei mwaka 1956 ugonjwa huo uliripotiwa rasmi kwa watu. Kiwanda kiliendelea kumwaga uchafu wake mpaka mwaka 1968, na mwaka huo huo ndipo serikali ya nchi hiyo ilipotamka rasmi kwamba chanzo ni kiwanda hicho. Zaidi ya watu 2,000 wametambuliwa rasmi kuwa waathirika. Miongoni mwao wamo waliozaliwa wakiwa vilema, ilhali mama zao walionekana wazima, kwa kuwa sumu ilipita kwa mama ikamdhuru mtoto tumboni.

Kadhalika nchini Iraki, katika mwaka 1971 na 1972, wakulima walipewa mbegu za ngano zilizotiwa dawa yenye zebaki ya methili. Mbegu zilikuwa za kupanda, lakini wenye njaa walizisaga wakaoka mkate. Watu zaidi ya 6,500 walilazwa hospitalini, na kwa hesabu iliyotolewa rasmi, 459 walikufa.

Huenda msomaji akauliza: kiwanda cha Japani na mbegu za Iraki zinatuhusu nini sisi wa mwaloni? Zinatuhusu sana. Zebaki ikimwagwa pamoja na mchanga na maji machafu huchukuliwa na mvua mpaka mtoni na ziwani. Huko chini kwenye tope, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa ile ya methili. Vimelea vidogo huimeza, samaki wadogo huvila vimelea, na samaki wakubwa huwala wadogo. Katika kila hatua sumu hujilimbikiza, hata samaki mla samaki akawa na nyingi kuliko wote. Hivyo uchafu wa karai moja hauishii katika kijiji cha aliyelishika. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Na katika jambo hili wa kwao ni pamoja na watu asiowajua, wanaonunua kitoweo sokoni mbali na machimbo.

Wala mizigo hii haiwaangukii wote sawasawa. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani ni kati ya milioni 10 na 20, na wanawake na watoto miongoni mwao ni kati ya milioni 4 na 5. Mara nyingi mama ndiye anayesugua karai, naye ana mtoto mgongoni au mimba tumboni. Ubongo wa mtoto ungali unajengwa, na sumu ndogo isiyoonekana kwa mtu mzima yaweza kumpunguzia mtoto akili na nguvu za viungo kwa maisha yake yote. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi na zebaki katika machimbo madogo ya nchi hii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha kutamka kwamba uchimbaji wa madini ni kazi ya hatari isiyomfaa mtoto. Hatuhitaji sheria mpya juu ya hilo. Twahitaji watu wazima watakaomwondoa mtoto mwaloni na kumpeleka darasani.

Sasa wako wanaosema: "Tumeitumia miaka mingi na bado tu wazima." Jibu letu ni kwamba sumu inayoua siku hiyo hiyo kila mtu huiogopa, na ile inayoua baada ya miaka kumi huitwa uzoefu. Wako wanaosema kwamba maziwa huisafisha. Maziwa ni chakula chema, nasi twawatakia wafanya kazi wayapate kila siku, lakini hayawezi kuuzuia mvuke uliokwisha kuingia mapafuni. Wako wanaojifunga kitambaa puani. Kitambaa huzuia vumbi, na vumbi la karasha nalo ni baya, lakini mvuke wa zebaki hupenya humo kama hewa nyingine. Kinyago kinachoweza kuuzuia ni kile chenye chujio lililotengenezwa kwa ajili ya mvuke wa zebaki, nalo lazima libadilishwe muda wake ukiisha.

Nini basi kifanyike? Twaomba kila tawi na kila kikundi cha wachimbaji kiyazingatie mambo haya, maana hayahitaji elimu ya chuo kikuu.

Kwanza, zebaki isitiwe katika mawe yote yanayosagwa. Mchanga uoshwe na kupunguzwa kwanza mpaka ibaki ile sehemu nzito tu. Katika makadirio yao, wataalamu wa Umoja wa Mataifa huhesabu kwamba anayetia zebaki katika mchanga uliokwisha kupunguzwa na kuchoma hadharani hupoteza kiasi cha gramu 1.3 kwa kila gramu 1 ya dhahabu, na anayeitia katika mawe yote hupoteza kiasi cha gramu 5. Zebaki hununuliwa kwa fedha. Mwenye kuimwaga anamwaga mfuko wake mwenyewe.

Pili, donge lisichomwe hadharani. Kipo chombo cha kunasia mvuke, kiitwacho ritoti. Ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na juu yake bomba lililopinda kuelekea chini. Donge huwekwa ndani na moto chini yake; mvuke hupita katika bomba, hupozwa kwa kitambaa chenye maji, hugeuka tena kuwa zebaki na kudondoka katika kikopo. Chombo kizuri hurudisha zaidi ya sehemu 90 katika 100, na zebaki hiyo hutumika tena. Fundi wa vyuma aweza kukitengeneza kwa mabomba ya kawaida ya maji. Lakini kina adabu zake. Kifuniko lazima kibane barabara. Mdomo wa bomba usizamishwe ndani ya maji, kwa maana moto ukipungua maji yaweza kuvutwa ndani ya chuma chenye moto na kukipasua. Kisifunguliwe mpaka kipoe kabisa. Na hata kwa chombo hiki, kazi ifanyike nje, mahali penye upepo, mbali na nyumba, na mfanya kazi asimame upande upepo utokako.

Tatu, zebaki isiingie nyumbani kamwe. Isichomwe jikoni, wala chungu au sufuria iliyotumika isirudishwe kwenye chakula. Ihifadhiwe katika chupa imara yenye kifuniko, juu yake pawe na maji kidogo ya kuzuia mvuke, na chupa iandikwe wazi ni ya nini; isiwe chupa ya soda ambayo mtoto ataidhania kinywaji. Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa maneno hayo ni ya kweli hasa, kwa kuwa matone yaliyojificha katika mikunjo ya shati hutoa mvuke usiku kucha ndani ya chumba wanamolala watoto.

Nne, ikimwagika isifagiliwe kwa ufagio, kwa kuwa ufagio huitawanya kuwa matone madogo yasiyohesabika. Isogezwe pamoja kwa kipande cha karatasi ngumu, ikusanywe chupani, na mabaki yafunikwe kwa unga wa salfa, ambao hushikana nayo na kupunguza mvuke. Aishikaye avae glavu, avue pete na vito vya dhahabu, wala asile, asinywe, wala asivute sigara kabla ya kunawa.

Tano, marudio yaliyotiwa zebaki yasipelekwe kwenye matangi ya sayanidi kabla ya kuondolewa zebaki. Sayanidi yenyewe ni sumu kali, na zikikutana huiyeyusha zebaki na kuirahisishia safari yake ya kwenda majini.

Zipo pia njia zisizotumia zebaki kabisa. Katika jimbo la Benguet nchini Ufilipino, wachimbaji wadogo wametumia boraksi kwa miaka mingi: mchanga huoshwa kwa uangalifu mpaka dhahabu iwe nyingi ndani yake, kisha huyeyushwa pamoja na boraksi. Njia hiyo imepata kuonyeshwa kwa wachimbaji wa nchi hii pia. Haifai kwa kila aina ya mawe, na inataka ustadi wa kuosha, lakini inaonyesha kwamba zebaki si amri ya Mungu.

Baada ya kumwambia mfanya kazi wajibu wake, haitakuwa haki tukinyamaza juu ya wengine. Mchenjuaji wa chini mara nyingi hana fedha za kununua ritoti wala kinyago. Hupewa zebaki kwa mkopo na mnunuzi, kwa sharti la kumwuzia dhahabu mnunuzi huyo huyo. Mwenye leseni huchukua sehemu yake, mwenye karasha huchukua yake, mnunuzi huchukua yake. Lakini mvuke hugawiwa mtu mmoja tu. Sisi twasema hivi: kila anayekula faida ya dhahabu achangie gharama ya usalama. Mwenye leseni ambaye hana ritoti katika eneo lake, wala mahali maalum pa kuchomea, asijiite mwekezaji. Na mnunuzi anayeyeyusha dhahabu ghafi dukani ajue kwamba ndani yake ingali imo zebaki, na kwamba bila kofia ya kunasia mvuke anawapulizia sumu majirani wa mtaa mzima.

Serikali nayo imekwisha kuweka ahadi. Mkataba wa Minamata ulipitishwa nchini Japani mwezi Oktoba mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti, 2017. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo wataka ikomeshwe tabia ya kutia zebaki katika mawe yote, ya kuchoma donge hadharani, ya kuchoma katika makazi ya watu, na ya kutia sayanidi katika marudio yenye zebaki. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tunayo sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka huo huo, iliyo chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Karatasi tunazo za kutosha. Kinachotakiwa ni mkaguzi atakayefika mwaloni, si kwa kutoza faini na kuondoka, bali akiwa na ritoti mkononi na mtu wa kuonyesha namna ya kuitumia.

Wapo wanaotaka zebaki ipigwe marufuku kesho asubuhi. Twaielewa nia yao, lakini katazo lisiloandamana na njia nyingine huigeuza bidhaa kuwa ya magendo; huuzwa usiku, huchomwa vyumbani kwa kujificha, na aliyekusudiwa kulindwa huvuta mvuke zaidi. Mwisho wa safari ni kuiacha zebaki kabisa. Njia ya kufika huko ni kufundisha, kukopesha vifaa kupitia vyama vya ushirika, na kuyatumia masoko ya madini, yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, kuwa mahali pa mafunzo na si pa mizani na fedha tu.

Kwa waganga na wauguzi wa zahanati zilizo karibu na machimbo tuna ombi moja: mwulizeni mgonjwa kazi yake. Anayetetemeka, asiyelala, mwenye fizi zinazotoa damu, na anayechoma dhahabu, apelekwe kunakoweza kupimwa mkojo wake. Dawa za kuitoa sumu mwilini zipo, lakini ubongo uliokwisha kudhurika haurudi kuwa mpya, na hakuna tiba inayofaa kitu ikiwa mtu atarudi kwenye moshi ule ule. Tiba ya kwanza ni kumwondoa penye sumu.

Ndugu wanachama, ndugu wafanya kazi, jambo hili halingoji mkutano mkuu. Kikundi cha watu kumi kikichangishana chaweza kupata ritoti moja mwezi huu. Kijiji chaweza kuamua wiki hii kwamba hakuna atakayechoma donge ndani ya makazi. Mama mwenye mimba aweza kuondolewa kwenye karai leo hii na kupewa kazi nyingine bila kukatwa ujira wake. Dhahabu imekaa ardhini miaka isiyo na hesabu na itaweza kungoja siku moja zaidi mpaka kazi ipangwe vizuri. Mtoto aliye tumboni hawezi kungoja. Basi na tuanze.